Tulipokuwa Kompyuta

Kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua pembeni, kama vile mama zetu walivyokuwa wakifunika redio sebuleni. Ilikaa juu ya meza katika ofisi ya sekretari wa shule yetu, shule ya wasichana ya bweni upande wa Khayega, na kabla hujaikaribia ulitakiwa kuvua viatu. Sekretari mwenyewe alivua vyake akavaa ndara. Alituambia kwamba vumbi likiingia ndani ya ile mashine, maksi zetu zote zitapotea na tutarudia kidato. Tulimwamini. Katika miaka ile ya tisini mtu yeyote akikwambia jambo lolote kuhusu kompyuta ulimwamini, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwaka huo tulipata mwalimu mpya wa fizikia, mwanamke kijana kutoka Ekero, katika familia ya Waislamu wanaolima miwa na kuuza vitambaa. Akiingia darasani ulimi wake ulianza wenyewe, "Asalaam aleikum," kisha akasita, akasema, "Hamjambo, wasichana." Baada ya wiki chache tukawa tunamjibu salamu zote mbili. Chuo kikuu alikuwa amejifunza, mbali na fizikia, kuandika programu za kompyuta. Mimi programu niliyoijua ilikuwa ile karatasi inayogawiwa kanisani siku ya harusi, inayosema nani ataomba na keki itakatwa lini. Kwa hiyo aliposema kwamba ataitumia kompyuta ya ofisini kutufundisha sayansi, na kwamba tutaandika programu sisi wenyewe, nilidhani tunaandaa sherehe.

Mwalimu mkuu alimruhusu Jumamosi alasiri, sekretari akishamaliza kuchapa. Tuliojiandikisha tulikuwa wachache, wengine wakiwa wamefuata tu nafasi ya kukwepa kufyeka nyasi. Tuliingia miguu mitupu, soksi zimekunjwa mkononi, tukasimama nyuma yake kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Sekretari alikunja kitambaa chake polepole, akakiweka mapajani, akabaki palepale kwenye kiti cha pembeni ili aone tutaifanya nini mali ya shule.

Kioo kilikuwa cheusi, na herufi zilitokea moja moja, za kijani. Mwalimu aliandika mistari sita. Mstari wa kwanza aliuita kumi, wa pili ishirini, wa tatu thelathini.

"Mbona unaruka namba, Mwalimu?" nikauliza.

"Ili tukikumbuka kitu baadaye, tupate pa kukichomeka."

Hilo lilinipendeza. Ndilo jambo la mwisho nililolielewa siku hiyo.

Alisema tutaieleza mashine jinsi uji unavyopoa. Uji ukitoka jikoni una joto la themanini. Hewa ya hapa ina ishirini na tatu. Kadiri uji ulivyo mbali na hewa, ndivyo unavyokimbilia kupoa. Ukikaribia, mwendo unapungua. Kwa hiyo kila baada ya dakika tano tutaangalia tofauti ya uji na hewa, tuchukue sehemu yake ya kumi, tuipunguze. Jirani yangu wa dawati, msichana wa Lubao ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, uji si tunaonanga tu ukipoa? Kwani hii kitu inakunywanga?"

Hata sekretari alicheka. Mwalimu hakukasirika. Alibonyeza kitufe, na namba zikaanza kumiminika kioo kizima, zikishuka, sabini na nne, sitini na tisa, sitini na nne, haraka kuliko macho yetu. Hapakuwa na uji wala sufuria, na tayari tulikuwa na uji baridi. Wenzangu walishangilia. Mimi macho yangu yalikuwa yameganda kwenye kipande kidogo cha karatasi alichokuwa ametuandikia ile mistari sita, kwenye mstari wa tano. Uliandikwa hivi: LET X = X + 1.

Niliusoma tena na tena. X ni sawa na X ongeza moja. Nilijua maana ya sawa. Kama mimi ni sawa na mimi pamoja na mtu mwingine, basi huyo mwingine hayupo, au mimi sipo.

Jumatatu nikaupeleka mstari ule kwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa mzee wa makamo, mkazi wa Kakamega mjini, mtu wa koti na rula ndefu ya mbao, aliyetufundisha aljebra kwa heshima kama anayesoma masomo madhabahuni. Aliutazama, akaenda ubaoni, akauandika kwa chaki. Kisha akatoa X upande huu, akatoa X upande ule. Ikabaki sifuri ni sawa na moja.

"Anayeamini kwamba sifuri ni moja ainue mkono," akasema.

Darasa likacheka. Akageuka kwangu. "Umeutoa wapi?"

"Kwa mwalimu wa fizikia. Ni wa kompyuta."

Alifuta ubao taratibu, pembe hadi pembe. "Basi kompyuta hiyo," akasema, "ingekaa darasani kwangu ingepata sifuri. Au moja. Kwake yeye ni mamoja."

Jumamosi nilimweleza mwalimu wa fizikia yaliyotokea. Nilitarajia aone haya au akasirike. Alitabasamu. Alisema mwalimu wa hesabu yuko sahihi kabisa, na mstari pia uko sahihi, kwa sababu hausemi jambo, unatoa amri. Chukua kilichomo kwenye X, ongeza moja, kirudishe.

"Lakini alama ni ile ile, Mwalimu."

"Alama ni ile ile."

"Na nitajuaje ni amri au ni ukweli?"

"Kwa kuangalia uko wapi," akasema.

Jibu hilo lilizidi kunivuruga. Nilikuwa nimelelewa nikijua kwamba hesabu haibadiliki kwa sababu umehama chumba. Kwa wiki nzima nilikuwa na walimu wawili wakweli waliosema mambo mawili yasiyokaa pamoja, na mimi katikati. Jirani yangu alinionea huruma. Tukiwa kwenye foleni ya kuchota maji akaniambia, "Chukua hivi. Zizi ya baba asubuhi iko na mbuzi kumi. Moja ikizaa, jioni iko na kumi na moja. Zizi si ni ile ile?" Nikasema ndiyo. "Basi X ni zizi, si mbuzi." Nikafurahi mpaka nilipofika bwenini, ambako nilianza kujiuliza: mwalimu wa hesabu akiandika X, je, yeye anaandika mbuzi?

Kakamega mvua hunyesha alasiri, na muhula ule ilinyesha kana kwamba ilikuwa na ratiba. Jumamosi moja tulikuwa tumevua viatu tu, radi ikapiga, umeme ukazimika. Sekretari akarudisha kitambaa chake upesi, kama mtu anayemfunika mtoto. Mwalimu alisimama dirishani akiangalia uwanja unavyojaa maji. Kisha akasema twende darasani, na kila mmoja abebe boksi tupu la chaki.

Huko akatugawia kazi. Mimi nilipewa boksi lililoandikwa X, la kuhesabu mizunguko, na ndani yake kikaratasi chenye sifuri. Msichana mwingine akapewa boksi la T, yaani joto la uji, lenye themanini. Mmoja alisimama ubaoni na chaki. Kazi yake ilikuwa kuandika tu anachoambiwa na maboksi. Wawili walikuwa wa kupiga hesabu ya kutoa na kugawanya. Jirani yangu wa Lubao alikuwa mstari wa mwisho, ule unaosema GOTO, yaani rudi juu. Mwalimu akatukataza kusaidiana.

"Kila mtu anajua kazi yake tu. Hajui uji ni nini. Hajui kama kuna mvua. Akifikiwa anafanya, anapokeza."

Tukaanza. Boksi la T likasema themanini, ubao ukaandika. Wapiga hesabu wakainama, wakatoa, wakagawanya, wakarudisha sabini na nne nukta tatu. Msichana wa T akachana themanini yake, akatia mpya. Kisha wakanifikia mimi.

"Uko na ngapi?"

"Sifuri."

"Ongeza moja. Rudisha."

Nikachana sifuri, nikaandika moja, nikatia ndani. "Rudini mstari wa thelathini," jirani yangu akaamuru kwa sauti ya mnadani, na wakarudi. Walipozunguka tena nikachana moja nikatia mbili. Mara ya tatu, ya nne. Mikono yangu ilifanya bila shida jambo ambalo kichwa kilikuwa kimelikataa. Sikuwa nasema kwamba mbili ni sawa na tatu. Nilikuwa nachana mbili. Vipande vyake vilikuwa miguuni pangu.

Hapo Mwalimu akatusimamisha ghafla. "X ni ngapi?"

"Nne," nikasema, kwa sababu kikaratasi bado kilikuwa mkononi.

"Tano," wakasema wapiga hesabu, waliokuwa wamekwisha kuniamuru niongeze.

Tukatazamana. Aliyesema nne hakukosea, na waliosema tano hawakukosea. Nikaona kama kuna kitu nimekishika mkia. Katika hesabu ya yule mwalimu wa koti hakuna anayeuliza saa ngapi; X ilikuwa vile kabla hatujazaliwa na itabaki vile. Huku kwa maboksi lazima useme: sasa, au muda mfupi uliopita. Nilitaka kumwambia Mwalimu hivyo, lakini yeye akawa ameshasema tuendelee.

Kengele ya chakula ikalia. Tukasimama. Jirani yangu hakusimama. "Rudini mstari wa thelathini," akasema. Tukarudi, tukicheka. Tukamaliza mzunguko. "Rudini mstari wa thelathini." Msichana wa T alilalamika kwamba githeri itaisha. Tukamgeukia Mwalimu. Alikuwa amekaa juu ya dawati la nyuma, amefumbata mikono.

"Mstari gani umewaambia muache?" akauliza.

Tukatafuta. Haukuwepo. Kwenye ile mistari sita hapakuwa na mahali popote panaposema basi. Nilipatwa na hofu isiyo na maana, kama ile ya mtoto anayegundua kwamba namba hazina mwisho. Hatimaye ni njaa iliyotutoa, siyo programu.

Tulipogeuka kutoka tulimkuta mwalimu wa hesabu mlangoni, mwavuli unachuruzika. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Alisogea ubaoni akatazama namba zetu, akashuka nazo kwa kidole, akasimama katikati.

"Hapa mmegawanya vibaya," akasema. "Na kuanzia hapa kwenda chini yote ni batili." Alifuta, akaandika upya namba zote mpaka chini, bila kikokotozi, huku sisi tumesimama. Mwalimu wa fizikia akamwambia, "Karibu ujiunge nasi, Mwalimu. Tunakosa mtu wa kugawanya." Akajibu kwamba yeye hawezi kushiriki mchezo ambao mstari wake wa tano ni uongo. Lakini aliongea taratibu, na aliondoka akiwa bado anautazama ubao.

Wiki iliyofuata mwalimu wa fizikia akaleta uji wenyewe. Jikoni walitupa bakuli kubwa, na tukakaa nalo maabara, kipimajoto kimening'inizwa ndani kwa uzi, namba za mashine zimebandikwa ukutani. Kwanza uji ulikuwa themanini, kama tulivyoahidiwa. Baada ya dakika tano mashine ilisema sabini na nne. Kipimajoto kikasema sabini na saba. Baadaye mashine ikasema sitini na tisa, kipimajoto sabini na tatu. Kadiri tulivyosonga ndivyo vilivyozidi kuachana.

Sikujua nimlaumu nani. Labda kipimajoto kilikuwa kibovu, kwani vingi vilikuwa vibovu. Labda mashine ilikosea, lakini tulikuwa tumezirudia hesabu zake kwa mikono yetu, na mwalimu wa hesabu akazisahihisha. Labda uji wenyewe ulikuwa na makosa. Nililisema hilo la tatu kwa sauti, wakanicheka, ila mimi sikuwa natania. Nilikuwa nimezoea kwamba kilichoandikwa ukutani na mwalimu ndicho ukweli, na kinachotofautiana nacho ndicho kinachorekebishwa.

Kilichonichanganya kuliko yote ni kwamba Mwalimu alikuwa na furaha. Aliuzunguka ule uji kama mtu aliyepokea mgeni. "Umeona?" alikuwa akiniambia. "Umeona?" Niliona kwamba hesabu yake imeshindwa na bakuli la uji, na yeye anachekelea. Nikajiuliza kama yuko salama.

Tukarudia kwa bakuli jipya la uji wa moto. Safari hii jirani yangu ndiye aliyeshika kipimajoto, na kwa kuwa alikuwa na njaa na mkono wake hautulii, alikuwa akikoroga nacho. Namba zikashuka: sabini na nne na kidogo, kisha sitini na tisa. Zikafuatana na za ukutani karibu kama mapacha.

"Umefanya nini?" Mwalimu akamuuliza.

"Sijafanya kitu, Mwalimu. Nimekoroganga tu."

Tukalitazama bakuli la kwanza, lililokuwa bado pembeni. Juu yake kulikuwa na utando, ule utando wa uji mzito ambao wengine huutoa kwa kijiko na wengine huupenda. Ulikuwa umejitandaza kama blanketi. Mwalimu alisema mistari yetu sita haikuwa na utando. Tulikuwa tumeiambia kompyuta habari za uji usiokuwepo duniani, nayo ikatujibu kwa usahihi juu ya uji huo.

Wenzangu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilirudi bwenini nikiwa na swali jingine: kama ilijibu kwa usahihi, na jibu halikuwa kweli, basi usahihi ni nini?

Mwalimu aliamua tuipeleke kazi hiyo kwenye mashindano ya sayansi ya shule za sekondari mjini Kakamega. Aliomba tubebe kompyuta. Sekretari alikataa kabla mwalimu mkuu hajajibu. Alisema mashine haiwezi kupanda lori juu ya magunia ya mahindi, na mitihani bado haijachapwa. Safari hii sina hakika kama hakuwa na haki. Kwa hiyo tulikwenda na maboksi yetu ya chaki, uji katika chupa ya chai, na mabakuli.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Shule moja ilikuwa na pampu ya maji inayoendeshwa kwa upepo, nyingine ina sabuni ya majani, nyingine ina kengele inayolia mwizi akifungua mlango. Sisi tulipofikiwa tulijipanga: T, X, wapiga hesabu, ubao, na mstari wa mwisho. Majaji walikuwa wawili. Mwanamume aliyevaa tai alitazama meza yetu, akatazama chini ya meza.

"Kompyuta iko wapi?"

"Ni sisi," nikasema.

Aliandika kitu. Tukamwonyesha. Tuliupoza uji wetu kwa maneno na vikaratasi, na jirani yangu aliwarudisha wenzake mstari wa thelathini kwa sauti iliyofanya watu wa pampu waache pampu yao waje kutazama. Tulikuwa tumekwisha kuongeza mstari wa kutusimamisha X ikifika kumi. Tukasimama, kisha tukaonyesha uji wa kukorogwa na usiokorogwa. Watu walipiga makofi. Jaji mwenye tai alisema kwa upole kwamba ametuelewa, lakini anadhani tumekosea njia, kwa sababu mashindano ya maigizo ni mwezi mwingine.

Jaji wa pili alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliliinamia bakuli, akaniuliza mimi niliyekuwa karibu, "Mnasema ni utando ndio unaozuia joto."

"Ndiyo, mama."

"Ulipokoroga, utando uliondoka. Na uji wa chini ulikuja juu pia. Sasa umejuaje ni kipi kati ya hivyo viwili?"

Niligeuka kumtafuta Mwalimu. Alikuwa nyuma ya watu, amesimama wima, uso wake haunipi kitu. Katika shule zetu, ukiulizwa na mkubwa, jibu la kubahatisha ni bora kuliko kunyamaza, na sikuwa na hata la kubahatisha.

"Hatujui," nikasema. "Hatujautoa utando bila kukoroga."

"Mngeutoa, mnadhani ingekuwaje?"

"Sijui, mama."

"Vema," akasema, akaandika, akaenda kwenye sabuni.

Hatukupata nafasi yoyote. Pampu ilishinda. Tukiwa juu ya lori, wenzangu walinilaumu kidogo, kwamba ningesema tu ni utando, nani angejua. Mwalimu alikuwa mbele na dereva. Nilikuwa na yakini kwamba nimemwaibisha. Tulipofika shuleni alishuka, akaja moja kwa moja kwangu, akaniambia, "Leo umejibu vizuri kuliko watu wote mle ndani." Nilimshukuru kwa sababu ndivyo adabu inavyotaka. Lakini nilikuwa nimesema sijui mara mbili mbele ya umati, na sikuweza kuoanisha hayo na neno vizuri.

Jumamosi iliyofuata tuliutoa utando kwa kijiko bila kukoroga. Namba zikaanguka katikati: si za ukutani, si za bakuli la kwanza. Kwa hiyo ilikuwa utando, na haikuwa utando peke yake. Mwalimu alizinakili, akasema tutaongeza mstari mwingine wa kueleza hilo. Hatukuwahi kuuongeza. Muhula ulipofungwa alihamishiwa shule ya upande wa Matungu, karibu na kwao, kwa kuwa baba yake alikuwa mgonjwa. Alituaga kwenye gwaride kwa maneno machache sana, na alipomaliza tulimwitikia kwa salamu ile yake ya kwanza, shule nzima, Wakatoliki na Wakweka na wote. Akafunika mdomo kwa mtandio, akashuka ngazi.

Nilidhani Jumamosi zetu zimekwisha. Muhula mpya ulipoanza, tangazo likabandikwa kwamba zitaendelea, chini ya mwalimu wa hesabu.

Nilikwenda kwa udadisi. Nilimkuta ofisini, koti limetundikwa, viatu vyake vikubwa vimepangwa mlangoni, soksi zake zina tobo kidoleni. Hakujua kuchapa, kwa hiyo alikuwa amesimama nyuma ya sekretari akimsomea programu mstari kwa mstari, naye sekretari akaichapa kwa vidole vyote kumi, bila kuangalia, kama alivyozoea kuchapa mitihani. Ilikuwa ile ile ya uji. Akaamuru iendeshwe.

Kioo kikajibu kwa maneno matatu ya Kiingereza, na sekretari akayasoma, kisha akayatafsiri kwa wasiwasi: "Inasema umegawanya kwa sifuri."

Mwalimu wa hesabu alisogeza uso wake karibu na kioo.

"Mimi?" akasema.

"Ndivyo imesema, Mwalimu."

"Mimi nimegawanya kwa sifuri." Alilitamka polepole, kama mtu anayesoma shtaka lake. "Nimefundisha miaka yote hii. Hakuna mtoto aliyepita mikononi mwangu akagawanya kwa sifuri. Iambie irudie."

Ikarudia. Ikasema vilevile. Akanitazama, kwa mara ya kwanza si kama anayeniuliza swali analolijua jibu lake. "Wewe ulikuwa na yule mwalimu. Sifuri iko wapi?"

Nilisoma mistari. Tofauti gawanya kwa kumi, ndivyo alivyosema, ndivyo nilivyoona. Sikuona sifuri yoyote isipokuwa ile ya kumi. Nikakumbuka kwamba kulikuwa na neno la kuiamuru mashine ituonyeshe programu upya, nikamwomba sekretari aliandike. Mistari ikajipanga tena, safari hii yote kwa herufi kubwa, na mahali pa kumi palikuwa na herufi mbili: L na O.

"Hapa umeandika nini?" nikamuuliza sekretari.

"Kumi." Akatuonyesha kwa vidole vyake. Namba za mistari mashine iliziweka yenyewe, na sifuri za themanini na thelathini alizibonyeza safu ya juu, lakini kumi vidole vyake viliizoea kwa herufi: l, kisha O iliyo jirani yake. Ile mashine ya chapa aliyofundishwa nayo haikuwa na kitufe cha moja. Wote walichapa hivyo, na hakuna msomaji aliyewahi kuona tofauti. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshikwa na kosa asilolijua. Mwalimu wa hesabu akamwambia, kwa upole ambao sikuujua kwake, kwamba hata yeye kwa macho yake ni kumi.

Kisha akanigeukia. "Sasa hiyo LO ni nini?"

"Ni boksi, Mwalimu. Mashine imedhani ni jina la boksi."

"Lina nini ndani?"

"Hakuna aliyetia kitu. Kwa hiyo lina sifuri."

Alivuta kiti akakaa. "Yaani nikitaja jina la kitu kisichokuwepo," akasema, "inakiumba, inakitia sifuri, kisha inanilaumu mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hiyo ni haki?"

Nilifikiri juu yake. Sekretari pia alikuwa akisubiri jibu, kitambaa kiko mapajani. Nikawaambia kwamba sijui. Mwalimu wa hesabu alitikisa kichwa kama aliyelipokea jibu hilo, akaomba aonyeshwe kitufe cha moja kiko wapi, akakibonyeza mwenyewe kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anayekagua iwapo kitashika.